Kufyeka si kupalilia

Mashine ya kukatia majani ikiharibika, au petroli ikipanda bei, watu huuliza watumie nini badala yake. Majibu huja kwa fungu moja: fyekeo, jembe, panga, mbuzi, dawa ya magugu, kana kwamba vyote hivyo vinafanya kazi moja. Halafu anayejibu anamalizia, "chochote kati ya hivyo utapalilia vizuri tu." Hapo ndipo ninapochoka.

Maana zenyewe ni fupi. Kufyeka ni kukata majani juu ya ardhi, mizizi ukaiacha ilipo. Kupalilia ni kuyaondoa magugu na mizizi yake ili kilichopandwa kisigombanie maji na mbolea.

Tazama neno lenyewe. Kabla ya palilia kuna palia, na palia haihusu shamba peke yake. Wazee walipalia moto: walichota makaa kwa kigae wakaenda kuwasha jiko la pili. Ndiyo maana aliyejitafutia balaa tunasema amejipalia makaa. Kwa ninavyoona mimi, kinachounganisha makaa na magugu ni ule mkono unaokwangua chini na kuzoa. Jembe la palizi hufanya hivyohivyo: linapita chini ya shina, linageuza udongo, mizizi inabaki juani. Fyekeo, ambalo wengine tunaliita kwanja na Wakenya wengi slasha, halikwangui kitu. Linapita hewani.

Mashine ya uzi, ile inayokata majani kwa uzi unaozunguka kwa kasi, nayo inapita hewani. Aliyeibuni ni George Ballas wa Houston, Marekani, mwaka 1971, baada ya kuangalia brashi za mtambo wa kuoshea magari zinavyozunguka. Alitoboa kopo, akapitisha nyuzi za kuvulia samaki, akalizungusha kwa mota. Akaiita Weed Eater, yaani mla magugu, na nadhani jina hilo limechangia mkanganyiko, maana mashine ile haili gugu lolote. Inalinyoa. Ni kwanja lenye injini, basi.

Tofauti hii utaiona kwenye gugu liitwalo ndago. Chini ya ardhi ndago ina vijiazi vilivyoshikana kama shanga, na kila kimoja kinaweza kuchipua. Ukiifyeka, baada ya siku chache imesimama tena. Nyasi zinazotambaa nazo machipukizi yake yako chini kabisa, kwanja halifiki. Kwa kweli kufyeka mara kwa mara huzipa nafasi, kwa sababu magugu marefu ya majani mapana ndiyo yanayokatwa vichwa kabla ya kutoa mbegu. Kwa uwanja wa mpira ni faida. Kwa shamba la mahindi ni hasara. Na kiduha, kinachonyonya mizizi ya mahindi na mtama, hung'olewa kwa mkono kabla hakijatoa mbegu, kwa sababu mche mmoja humwaga mbegu maelfu kwa maelfu na hukaa ardhini miaka mingi.

Dawa zinazoshuka hadi mizizini, kama glaifoseti, ziko upande wa palizi, ingawa hazigusi udongo kwa jembe. Zinaingia kupitia majani. Anayefyeka asubuhi na kupuliza dawa jioni amejinyima mlango wa kuipitishia.

Sisemi kufyeka ni kazi duni. Kwenye mteremko, kama ule wa Usambara au Uluguru, ukipalilia eneo lote kabla ya masika umeukabidhi udongo kwa mvua. Afadhali ufyeke, mizizi ishike ardhi. Hapo kwanja linatosha kabisa, mradi limenolewa. Kwenye kona na kandokando ya ukuta mundu ni mwepesi zaidi, na vichaka vyenye miti midogo ni kazi ya panga au nyengo. Mbuzi nao hufyeka, kwa meno, ila hawachagui kati ya gugu na mchicha wako.

Kuzunguka shina la mwembe mchanga usipeleke uzi wala kwanja. Uzi hauna makali, unakata kwa kasi, na kasi hiyo huchuna gamba. Gamba likichunwa duara zima, mche unakufa wima. Ng'oa kwa mkono, kisha weka matandazo ya majani makavu bila kuyagusisha na shina.

Kwa hiyo ukimwambia kibarua, "nipalilie uwanja," akaja na jembe na kukuachia vumbi tupu mbele ya nyumba, usimkate ujira. Alikusikia vizuri. Ulichotaka ni kufyekewa.