Mwanangu mnene hivi, apimwe VVU ya nini?

Msimu wa tumbaku ukiisha, akina mama wenye VVU wanarudi kliniki kwetu Tabora kutoka mashambani Kaliua na Urambo, na watoto tuliowaandikia tarehe ya kipimo miezi mitano nyuma. Maswali yao ni haya.

VVU humfikiaje mtoto?
Akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au kwa kunyonya. Mama akimeza dawa zake za VVU kila siku, hatari hupungua sana.

Anacheka, ananyonya, ana mashavu. Apimwe ya nini?
Mashavu hayaonyeshi virusi. Akitimiza wiki 6 mlete. Tunamchoma kisigino, matone ya damu yanakwenda maabara. Kipimo cha haraka cha watu wazima hakitoshi kwa mtoto wa chini ya miezi 18, kwani kinaweza kusoma kingamwili, yaani askari wa mwili, alizopata kwa mama yake. Watoto wenye VVU wasiotibiwa, karibu nusu hufariki kabla ya miaka 2, wengi katika miezi ya mwanzo, nyumbani bado wakisifiwa unene.

Nisubiri kwanza aumwe?
Hapana.

Baba yake hajui hali yangu. Nisubiri nimwambie?
Hapana. Mlete mtoto. La baba tutalipanga pamoja.

Tukimaliza kuvuna je?
Hapana, mama. Tuambie mnakokwenda, tukuandikie uhamisho kwenye kituo cha karibu na shamba.

Bibi yake anasema homa na kuharisha ni meno ya plastiki, yang'olewe.
Shikamoo yake bibi, lakini meno ya plastiki hayapo. Kinachong'olewa ni chipukizi la jino la mtoto, kwa chombo ambacho hakijachemshwa. Homa isiyoisha, kuharisha kila mara, utando mweupe mdomoni: hayo ni ya kuleta kituoni siku hiyohiyo. Tunaletewa watoto fizi zimechanika, damu imewatoka, na kipimo hakijafanyika!

Akikutwa na VVU?
Anaanza dawa mara moja, hata kama anacheza. Siku hizi ipo dolutegravir ya watoto, dawa ya VVU, kidonge cha miligramu 10 kinachoyeyuka kwenye maji, mara moja kwa siku, pamoja na dawa nyingine. Kina ladha ya stroberi, tunda ambalo wengi wetu Tabora hatujalionja, ila watoto wanaikubali. Afadhali kuliko ile shira chungu tuliyowabana nayo pua. Dozi hufuata kilo, kwa hiyo msimtume jirani na kadi. Mtoto mwenyewe aje mzanini.

Amenenepa. Tupumzishe dawa?
Hapana! Amenenepa kwa sababu ya hizo dawa. Ukiacha, virusi vinaongezeka tena, na huenda vikawa sugu.

Aambiwe lini kwamba ana VVU?
Kidogo kidogo tangu aanze shule, kwa maneno ya umri wake. Mwenye miaka 12 anayedanganywa kwamba ni dawa za kifua, siku akijiona hakohoi ataziacha. Bibi huja kuvikuta vidonge chini ya godoro akifagia.