Kabla ya kumpasua ubongo mtoto mwenye kifafa sugu

Mzazi akisikia habari ya upasuaji wa ubongo, swali lake la kwanza huwa kuhusu kisu. Mimi ni daktari wa kifafa cha watoto, na kazi yangu iko kabla ya kisu: kujua kifafa kinaanzia wapi, na kama mahali hapo panaweza kutolewa bila mtoto kupoteza kauli, mkono au kumbukumbu.

Kifafa huitwa sugu pale dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa, kwa dozi ya kutosha, zinaposhindwa kukituliza. Takriban theluthi moja ya wagonjwa wako katika hali hiyo. Nawasihi madaktari wenzangu wasingoje dawa ya tano. Utafiti wa Delhi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mwaka mmoja baadaye, asilimia 77 ya watoto waliopasuliwa hawakuwa wakishikwa tena. Kwa walioendelea na dawa peke yake ni asilimia 7.

Hata hivyo, mimi huanza upya. Je, ni kifafa kweli, au mtoto anazimia kwa sababu ya moyo? Dawa anameza kila siku? Zinaendana na aina ya kifafa chake? Mtoto mwenye ugonjwa wa Dravet, aina kali ya kifafa kinachoanza utotoni, kwa mfano, akipewa dawa ya kifafa iitwayo kabamazepini huweza kuzidiwa. Ndiyo maana naomba sana video ya simu inayomwonyesha mtoto akishikwa.

Kisha tunamlaza kwa kipimo cha video-EEG, yaani video pamoja na kipimo cha umeme wa ubongo: nyaya kichwani, kamera usiku na mchana, dawa zikipunguzwa chini ya uangalizi. Akishikwa, muuguzi humwita jina, humwambia ainue mkono, humpa neno la kukumbuka, labda "tembo", na baadaye humuuliza. Mwili nao hutoa ushahidi. Mkono wa kulia ukilegea baada ya kushikwa, natazama upande wa kushoto wa ubongo. Akipangusa pua mara tu anapozinduka, mara nyingi hutumia mkono wa upande uleule kifafa kilikoanzia.

MRI, picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, hutafuta dosari ya gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, iliyotokea mtoto akiwa bado tumboni. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili ubongo haujakomaa, dosari inaweza kujificha, hivyo picha hurudiwa. MRI na EEG zikipingana, tunaongeza PET, picha inayoonyesha ubongo unavyotumia sukari, au tunaingiza elektrodi (nyaya za kupima umeme) nyembamba ndani ya ubongo wenyewe. Mwanasaikolojia naye hupima lugha na kumbukumbu.

Ndipo tunakaa na wazazi. Mtoto mwenye ugonjwa wa Rasmussen, uvimbe unaoharibu upande mmoja wa ubongo polepole, huenda akahitaji nusu ya ubongo itenganishwe na nyingine. Hapo nasema wazi: watoto wengi hutembea baadaye, lakini vidole vya mkono ulio kinyume na nusu iliyotenganishwa havitashika tena kalamu wala kufunga vifungo. Mama akiomba muda wa kurudi kuzungumza na familia, anapewa, na swali lolote atakalorudi nalo nitalijibu.