Msongo wa mawazo kwa aliyeacha pombe

Msongo wa mawazo ni hali ya mwili na akili kukaa tayari kwa hatari, iwe hatari ipo au haipo. Moyo hudunda, misuli hukaza, usingizi hukimbia. Kwa kiasi chake una faida: ndio unaomshtua mvuvi upepo ukigeuka usiku. Shida huanza usipozimika. Shirika la Afya Duniani linapoeleza afya ya akili halidai mtu asiwe na msongo kabisa, bali aweze kuumudu huku akijifunza, akifanya kazi na kuchangia katika jamii yake.

Kwa aliyeacha pombe jambo hili ni zito zaidi. Miaka yote gongo ndiyo iliyokuwa ikimtuliza, na ubongo, kwa kutulizwa kila siku, ulijizoeza kukaa macho kupita kawaida ili usizidiwe. Pombe ikiondoka, ule ukali unabaki. Kwa wiki kadhaa, hata miezi, atalala vibaya, na neno dogo la mkewe litamchoma kama tusi. Majirani watasema heri angekuwa anakunywa kidogo. Wasisikilizwe, ubongo unahitaji muda tu kurudi mahali pake. (Aliyekuwa akinywa kila siku asiachie ghafla nyumbani. Kutetemeka sana, kuweweseka au degedege katika siku chache za mwanzo huweza kuua. Apelekwe hospitali, kwa Kigoma mjini ni Maweni.)

Wengi hudhani usiku wa hatari ni ule wa kazi ngumu. Kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, wanakotia wavuvi wa Ziwa Tanganyika huko Kigoma, naona ni kinyume chake. Dagaa huvutwa kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mwezi mpevu, kwa hiyo siku hizo mitumbwi hukaa nchi kavu. Hesabu za giza, yaani za siku za uvuvi zisizo na mwezi, zimeshapigwa, mgao uko mfukoni, mwili uliozoea kukesha haupati usingizi, na wenzako wote wako kilabuni. Hakuna msiba wala deni, lakini vichocheo vyote vimekutana. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, likizo hiyo ilikuwa ya miezi mitatu, tena bila mgao.

Uzuri wa mwezi ni kwamba unajulikana utakuja lini. Basi mbinu za kukabiliana nao hupangwa giza likiwa bado lipo: pesa akabidhiwe mama au dada siku ile ile ya hesabu, na shughuli ya jioni ijulikane mapema, iwe kushona nyavu, msikitini, kanisani au uwanjani. Kula kabla ya kutoka. Tumbo tupu na hamu ya pombe ni rahisi kuchanganya. Na jibu liwe limeandaliwa:

"Kamanda, moja tu."

"Niko kwenye dozi, kaka."

Ni uongo mdogo, na siku moja itabidi uwaambie ukweli, ila usiku huo unavuka.

Hamu yenyewe huja kama wimbi: inapanda, inafika kileleni, inashuka, na mara nyingi haimalizi nusu saa. Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt alifundisha watu wasipigane nayo, bali waitazame ikipita, huku wakiifuatilia pumzi yao.

Marlatt huyo huyo alitenganisha kuteleza na kurudia ulevi. Aliyekunywa glasi moja ameteleza. Kinachomrudisha moja kwa moja mara nyingi ni aibu ya asubuhi, ile sauti ya "nimeshaharibu, bora nimalizie". Asubuhi hiyo amwambie mtu mmoja anayemwamini, ale, alale, kisha wakae waulizane nini kilitangulia: pesa, ugomvi au uchovu? Huzuni ikikaa wiki mbili na zaidi, hamu ya chakula ikapotea, au mawazo ya kujiua yakaingia, hapo ni dalili za sonona, na msongo peke yake hautoshi kuzieleza. Aende kituo cha afya, na asiachwe aende peke yake.