Kufuma ukiwa na maradhi ya muda mrefu: chagua kazi inayokubali kukungoja

Anayeishi na maradhi ya muda mrefu hulala bila kujua kesho ataamka na mikono ipi. Leo vidole vinatii, kesho haviwezi hata kufungua kifuniko cha chupa. Leo akili ni nyepesi, kesho anarudia sentensi moja mara tatu bila kuielewa. Katika huduma za utengamao, yaani za kumsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake, tunawapokea watu wengi waliokuwa wakifuma, wakaacha, na sweta likabaki mfukoni likiwa limefika kwapani. Wao husema ugonjwa ndio uliowaachisha. Tukizungumza zaidi, mara nyingi hubainika kwamba walichagua kazi kwa kipimo cha siku zao njema, na siku njema hazikutosha kuimaliza. Ombi langu kwa yeyote anayetaka kuanza kufuma, au kurudia baada ya kuacha, ni hili: chagua kazi ambayo siku yako mbaya inaimudu.

Jambo lenyewe lina thamani. Mwaka 2013 jarida la Uingereza la tiba kazi, yaani tiba inayomsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku, lilichapisha matokeo ya dodoso lililojibiwa na wafumaji 3,545 kutoka nchi mbalimbali. Kadiri watu walivyofuma mara nyingi zaidi, ndivyo walivyoelekea kusema kwamba wanajisikia watulivu na wenye furaha. Dodoso la aina hiyo halithibitishi kwamba kufuma ndiko kulikoleta utulivu, wala halisemi kwamba kunatibu ugonjwa wowote. Hata hivyo linakubaliana na tunayoyaona kazini. Mikono inayorudia tendo lilelile huipa akili mahali pa kutua, na mtu ambaye ugonjwa umempokonya shughuli nyingi hupata tena kitu cha kutengeneza mwenyewe.

Wepesi wa kazi naupima kwa swali moja: ukiiacha katikati ya mstari, ukaugua wiki tatu, utaishika tena na kujua papo hapo ulipofikia? Nakshi za matundu hushindwa kipimo hicho, kwa sababu kila mstari una hesabu yake. Mfumo unaofaulu ni wa kufuma kila mstari kwa namna moja, mbele na nyuma, bila kufuma kinyume. Kila mistari miwili huacha tuta moja unaloweza kuliona kwa macho na kuligusa kwa kidole. Kwa mtu ambaye kumbukumbu inamtoroka, mfumo huu una sifa nzuri sana: ukianza na vitanzi 30, ukafuma mpaka ukapata matuta 30, kipande chako kitakuwa mraba, au karibu sana na mraba. Huhitaji rula wala karatasi ya maelekezo. Ukitaka kuhakikisha, kunja kipande mshazari kutoka pembe moja. Kingo zikikutana, umemaliza.

Miraba ya namna hiyo ndiyo kazi ninayoipendekeza kuliko zote. Mmoja ni kitambaa cha kufutia vyombo. Ishirini ikiunganishwa ni blanketi la mtoto. Na kila mmoja ukikamilika, umekamilika kweli, hata kama mwezi unaofuata hutashika sindano. Kuunganisha miraba kwa sindano ya kushonea ni kazi nyingine kabisa na huchosha vidole kwa njia yake. Unaweza kumwachia ndugu au rafiki bila kuona haya.

Kuna pia pembetatu inayoanzia kwenye ncha. Unaanza na vitanzi vinne tu. Katika kila mstari unafuma viwili, unazungusha uzi mara moja juu ya sindano ili kupata kitanzi kipya, kisha unafuma vilivyobaki hadi mwisho. Kuanzisha vitanzi mia moja kwa siku moja ni mzigo kwa mwenye vidole vinavyouma, na wengi hukata tamaa hapo kabla hata ya mstari wa kwanza. Pembetatu inakuondolea mzigo huo. Halafu unaweza kusimama ukubwa wowote: ndogo ni kitambaa cha kichwa cha mtoto, kubwa ni mtandio wa mabegani. Kumbuka tu kwamba mistari yake hurefuka kadiri unavyosonga mbele, kwa hiyo siku ya uchovu mkubwa mstari mmoja unatosha.

Kuhusu uchovu nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndio unaowaumiza wengi bila wao kujua. Kwa mwenye ugonjwa wa uchovu sugu, na kwa baadhi ya watu waliobaki na dalili baada ya UVIKO-19, kuzidiwa hakuji pale pale. Mara nyingi huja saa 12 hadi 48 baada ya kujichosha, na kuhesabu mifumo migumu kunachosha kama kunyanyua kitu. Maana yake mwili hautakwambia uache wakati unaotakiwa kuacha; inabidi saa ikwambie. Weka kengele ya dakika tano au kumi. Ikilia, weka chini, hata kama mstari haujaisha na hata kama unajisikia vizuri. Hasa kama unajisikia vizuri, maana siku njema ndiyo hutushawishi kufuma saa mbili mfululizo, halafu tukalipa kwa siku tatu kitandani. Ongeza dakika chache tu baada ya kuona kwamba siku mbili zilizofuata zilipita salama.

Wenye maumivu ya viungo wana saa yao ya kuzingatia. Baridi yabisi ya kingamwili, ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo, hukaza vidole asubuhi kwa nusu saa au zaidi, basi usifume mara tu unapoamka. Subiri vilegee, au vitie kwanza kwenye maji ya vuguvugu. Baada ya kufuma, angalia hali yako muda wa saa mbili ukishapita: kama maumivu ni makali kuliko yalivyokuwa kabla hujaanza, ulizidisha, na safari ijayo punguza muda. Kiungo kikiwa kimevimba na kina joto, kipumzishe kabisa.

Vifaa hubadilisha mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Sindano nyembamba chini ya milimita 3 hudai miondoko midogo na macho makali. Zile nene sana, za milimita 10 na kuendelea, huonekana rahisi kwa sababu kazi hukua haraka, lakini hulazimisha kiganja kushika kwa nguvu na mikono kusogea mbali. Kwa mikono mingi inayouma, milimita 4.5 hadi 5.5 ndiyo hali ya kati. Mbao na mianzi ni nyepesi, haziponyoki upesi, wala hazina ubaridi wa chuma. Hilo ni muhimu kwa wenye vidole vinavyobadilika kuwa vyeupe kwenye baridi, na kwa wenye selimundu, ambao baridi inaweza kuwaamshia maumivu. Kama unaweza kupata sindano za mviringo, yaani ncha mbili fupi zilizounganishwa kwa waya laini, zichukue hata kwa kazi bapa. Uzito wa kazi hukaa mapajani, na vifundo vya mikono havibebi chochote.

Uzi uwe laini, wa unene wa kati, wa rangi nyepesi isiyo na manyoya mengi, ili vitanzi vionekane bila kukodoa macho. Sufu na akriliki huvutika kidogo na kuisamehe mikono. Pamba haivutiki, na vidole vyenye maumivu huhisi tofauti hiyo upesi. Kitambaa cha vyombo ni kizuri kikiwa cha pamba, nakubali, lakini jifunze kwanza kwa uzi unaovutika.

Kaa kwenye kiti chenye egemeo, mto mapajani, viwiko vimetulia, taa ikitoka ubavuni. Mwenye kizunguzungu akisimama au akikaa wima anaweza kufuma akiwa amejilaza nusu.

Soksi, sweta la kubana na nakshi za rangi nyingi zinaweza kusubiri. Blanketi kubwa la kipande kimoja pia, ingawa ni mistari mitupu: likifika nusu huwa zito, huleta joto mwilini, na kuligeuza kila mwisho wa mstari ni kazi ya mabega.

Kuna dalili ambazo mapumziko peke yake hayatoshi. Ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa inayokuamsha usiku, huweza kutokana na kubanwa kwa mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono, nenda ukapimwe. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia vidoleni atumie sindano zenye ncha butu na akague ngozi yake kila baada ya kufuma. Udhaifu au ganzi ya ghafla upande mmoja wa mwili ni dharura, usiingoje kliniki.

Ukija kwa mtaalamu wa tiba kazi, njoo na sindano zako, uzi na kipande ulichofikia, hata kama kina makosa. Tukikutazama ukifuma kwa dakika chache tu, tutaona unavyobana kidole gumba, unavyopandisha mabega, au unavyopindisha kifundo. Hapo tunaweza kubadilisha mshiko, ukubwa wa sindano, au kukupimia kifaa cha kutegemeza kidole. Kwa maelezo ya mdomo pekee, mengi ya hayo hatuwezi kuyaona.