Je, dhoruba kubwa ya jua inaweza kuiunguza simu yako?

Ule ujumbe wa WhatsApp huenda na wewe umewahi kuupata: leo usiku, kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, miale hatari kutoka angani itapita karibu na dunia, zima simu, usilale nayo, watumie na wenzako. Kwenye makundi ya familia haufi. Unapotea miezi kadhaa kisha unarudi, na anayeutuma huwa ni shangazi ambaye hakuna wa kumbishia. Ni uzushi. Ila una chembe ya ukweli iliyogeuzwa miguu juu kichwa chini: jua linaweza kweli kutuvurugia maisha, lakini simu iliyo mkononi mwako ndiyo ya mwisho kudhurika.

Ikumbuke dainamo ya baiskeli, ile inayosugua tairi. Ndani yake sumaku inazunguka karibu na waya, na taa inawaka. Sumaku ikitikisika, waya ulio karibu hupata umeme, basi. Sasa dunia nayo ni sumaku. Jua, lililo kilomita milioni 150 kutoka hapa, mara nyingine hutapika wingu la chembe zenye umeme, zito hata kufikia tani bilioni, na wingu hilo huja na nguvu yake ya sumaku. Likitupiga barabara, sumaku ya dunia nzima hutikisika, na kila waya mrefu uliotundikwa kwenye nguzo hugeuka waya wa dainamo. Urefu ndio kila kitu hapo. Waya wa mamia ya kilomita huvuna umeme wa kuleta balaa. Simu ina urefu wa kiganja. Haivuni kitu, iwe imewashwa au imezimwa.

Waliolionja hili kwanza ni watu wa telegrafu, ule mtambo wa zamani wa kutuma ujumbe kwa waya. Septemba 1, 1859, Mwingereza Richard Carrington alikuwa akichora madoa ya jua alipoona mwako mweupe ukitokea juu ya doa na kufifia baada ya dakika chache. Saa 17 na ushei baadaye, wingu likafika. Mianga ya rangi, ambayo kwa kawaida huonekana karibu na ncha za dunia, ilionekana hadi Cuba. Huko Marekani, wapiga telegrafu wa Boston na Portland walichomoa betri zao wakaendelea kuwasiliana kwa umeme uliojileta wenyewe kwenye waya. Kwa mambo ya wakati ule, dunia ilipona kirahisi: nje ya telegrafu, hapakuwa na nyaya ndefu za kuharibika.

Quebec, Kanada, haikuwa na bahati hiyo. Usiku wa Machi 13, 1989, gridi yake ilianguka ndani ya sekunde 90 hivi, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa muda wa karibu saa tisa, tena kwenye baridi. Ardhi ya huko ni mwamba mgumu usiopitisha umeme vizuri, kwa hiyo umeme wa dhoruba ulifuata nyaya. Transfoma imetengenezwa kwa umeme unaokwenda na kurudi mara 50 au 60 kila sekunde. Huu wa dhoruba hutiririka polepole upande mmoja, chuma cha ndani kinashiba sumaku, na transfoma inaanza kuchemka. Ikiungua ile kubwa ya gridi, hakuna duka la kukimbilia. Kutengeneza nyingine kunaweza kuchukua zaidi ya mwaka.

Sisi wa karibu na ikweta tuna nafuu, kwa kuwa vishindo vikubwa hutua karibu na ncha za dunia. Nafuu, si kinga: baada ya dhoruba za mwishoni mwa Oktoba 2003, transfoma kadhaa za Afrika Kusini ziliharibika, na wahandisi walihusisha uharibifu huo na dhoruba zile.

Umeme ukikatika siku nyingi, simu yako itakuwa nzima kabisa, na hapo ndipo utamu wa hadithi unapoisha. Mnara wa simu unaishi kwa betri, kisha kwa jenereta, kisha dizeli inaisha, na pampu ya kituo cha mafuta nayo inataka umeme. Mnara ukizima, wakala hana muamala, mwenye duka hapokei malipo, na wewe mwenye laki mbili kwenye simu huna nauli. Maji ya bomba yanasukumwa na pampu za umeme. Friji za chanjo ndizo usiseme.

Setilaiti nazo huyumba. Februari 2022, hadi setilaiti 40 kati ya 49 za intaneti za Starlink zilizokuwa zimetoka kurushwa zilipotea, kwa sababu dhoruba, tena ya kawaida tu, ilitanua hewa ya juu ikazikokota chini. Mei 10, 2024 ilikuja kali zaidi, na wakulima wa Marekani wakasimamisha matrekta yao katikati ya msimu wa kupanda, maana GPS, ile ya setilaiti inayoyaonyesha njia, ilikuwa haiaminiki. Siku mbili baadaye intaneti ikaporomoka Tanzania, Kenya na kwingineko. Ni rahisi kulisingizia jua, lakini mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilikuwa imekatika chini ya bahari karibu na Durban, Afrika Kusini, na jua halikati mkongo. Linachoweza kudhuru ni vile vifaa vya kuupa nguvu mpya njiani mwanga unaobeba intaneti ndani ya mkongo, ambavyo hulishwa umeme kwa waya mrefu unaoandamana na mkongo. Waya mrefu, tena.

Onyo la uhakika hutoka kwenye vyombo vya angani vilivyo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa jua, ambavyo hulipima wingu linapovipita. Kutoka hapo hadi kwetu ni dakika 15 hadi saa moja. Maharage uliyobandika hayajaiva, na katika muda huo waendesha gridi wanapaswa wawe wamepunguza mzigo kwenye transfoma zao.