Samaki ni wa mvuvi, na bahari je? Wanafalsafa wa uhuru barazani Lamu

Jioni moja, mtaa wa Langoni, nilikuwa nimekaa na wavuvi kwenye baraza ya mawe nikiwafafanulia Katiba, kazi ninayoifanya kila siku katika taasisi yetu ya elimu ya uraia. Mzee mmoja alikuwa akishona jarife lake, wavu wa kuvulia, uzi kauzungusha kwenye kidole cha mguu. Alinisikiliza kimya mpaka nikamaliza habari ya haki ya kumiliki mali. Ndipo akaiweka sindano chini akasema, "Mwanangu, samaki nikimvua ni wangu, hilo halina ugomvi. Na hapo ninapomvulia ni pa nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ila nilijua kuna Mwingereza aliyepata kuliandikia jambo hilohilo zaidi ya miaka 300 iliyopita.

John Locke alizaliwa mwaka 1632 na akakua katika nchi iliyokuwa ikipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe juu ya mipaka ya mfalme. Katika maandiko yake kuhusu serikali, yaliyotoka mwaka 1689, alisema binadamu huzaliwa huru na sawa, na kwamba hakuna mtu aliyeumbwa awe mtwana wa mwenziwe. Serikali huwekwa kwa ridhaa ya watu ili ilinde maisha yao, uhuru wao na mali yao. Madaraka ya mtawala, kwake yeye, ni amana. Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa maana ya amana: mtu akikuachia kitu chake ukitunze, hukigeuzi kikawa chako, na mwenyewe akija kukidai huna haki ya kumkaripia. Mtawala akiila amana, asema Locke, wananchi wana haki ya kumwondoa. Kifungu cha 1 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kimesimama juu ya msingi huo, kinaposema mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya.

Kuhusu mali, hoja yake ni ya jasho. Dunia Mungu aliwapa wanadamu wote kwa pamoja, lakini anayeitolea kazi yake sehemu fulani, sehemu hiyo huwa yake, mradi awaachie wenzake ya kutosha na iliyo nzuri vilevile. Na mfano mmoja alioutoa ni wa mvuvi. Bahari, alisema, bado ni ya wanadamu wote. Samaki anayetolewa humo ni wa aliyemtoa. Nilipowasomea wazee maneno hayo, yule mshona jarife alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeletewa salamu na jamaa wa mbali.

Lakini hapo ndipo Locke anapotuacha njiani. Ardhi isiyolimwa kwa namna aliyoizoea yeye aliiona kuwa imepotea bure, na hoja hiyo ilitumika kuhalalisha kuwapokonya wenyeji wa Amerika ardhi zao. Mvuvi hazungushi ua baharini wala haachi mtaro. Anajua mwamba gani una changu msimu wa kaskazi na mlango gani haupitiki kusi likivuma, na yote hayo hayaandikwi kwenye hati. Falsafa inayotambua mali kwa alama ya jembe haiwezi kumwona mtu huyu.

Mahakama ilimwona. Ujenzi wa bandari mpya ya Lamu ulipoanza kugusa maeneo ya uvuvi, wakazi walikwenda kortini mwaka 2012. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba haki za jadi za wavuvi zilikiukwa, ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Nawaomba wasomaji wasipite haraka hapo. Mahakama ya serikali iliiambia serikali kwamba imekosea. Mfaransa Montesquieu, katika kitabu chake cha mwaka 1748, alitaka hasa hilo liwezekane: anayetunga sheria, anayeitekeleza na anayehukumu wasiwe mtu mmoja, maana mwenye madaraka hujaribu kuyatumia mpaka akutane na kizuizi.

Wengi hudhani wanafalsafa hawa walikuwa wakihubiri kila mtu afanye atakalo. Sivyo. John Stuart Mill, Mwingereza mwingine, mwaka 1859 aliweka kipimo: mtu mzima asizuiwe isipokuwa kwa lengo la kuwakinga wengine na madhara. Kumkera jirani kwa mavazi yako au imani yako hakutoshi kuwa madhara. Moshi unaoingia kifuani mwake ni jambo jingine. Kwa hiyo wakazi walioupinga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, huku Lamu, hawakuwa wakiuingilia uhuru wa mwekezaji. Walikuwa wakiuliza swali la Mill. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni ya mradi huo, na sababu kubwa ikawa ileile: wananchi hawakushirikishwa inavyostahili.

Ukinikamata nitaje wazo moja tu la kuchukua kutoka kwa watu hawa, nitasema hili: anayezuia ndiye anayedaiwa sababu. Mvuvi hana haja ya kueleza kwa nini anataka kwenda baharini usiku. Dola ikimkataza, kama ilivyowahi kukataza hapa kwa sababu za usalama, basi dola ndiyo ieleze. Usalama ni sababu nzito, na waliofiwa katika mashambulizi ya mwaka 2014 wanaujua uzito wake kuliko mimi. Hata hivyo kifungu cha 24 cha Katiba kinadai haki ibanwe kwa sheria pekee, kwa kiasi kinachostahili, na baada ya kutazama kama hakuna njia nyepesi zaidi. Amri ya kutovua ikiwekwa, waulizeni wakubwa: ni kwa sheria ipi, ni mpaka lini, na je, kusajili vyombo na kushika doria hakutoshi?

Kuna jambo lililobaki, na linauma. Neno letu uhuru limetoka kwenye Kiarabu, hurr, yaani mtu asiye mtumwa. Na Lamu ya zamani mwungwana alikuwa yule aliyezaliwa huru, akajivunia adabu, elimu na nyumba ya mawe, huku mashamba yakilimwa na watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria nchini Kenya mwaka 1907. Waandishi wa uhuru wa Ulaya nao walikuwa na upofu huohuo. Locke alikuwa na hisa katika kampuni iliyofanya biashara ya watumwa wa Kiafrika. Mill aliajiriwa miaka 35 na kampuni ya Kiingereza iliyoitawala India, na akaandika kwamba kipimo chake cha uhuru hakiwahusu watu aliowaita washenzi. Mimi bado nawafundisha, kwa sababu hoja yao ni pana kuliko macho yao. Mill mwenyewe, mwaka 1866, alipeleka bungeni ombi la wanawake la kupiga kura, na mwaka 1869 akachapisha kitabu cha kutetea usawa wao.

Siku ile barazani, watu walipokuwa wakiinuka kwenda kusali magharibi, mama mmoja aliyekuwa amesimama kando na beseni lake la samaki wa kukaanga aliniita. "Baba, hao 4,600 umesema ni wavuvi. Sisi tunaonunua ufuoni, tukakaanga, tukauza, riziki yetu si imetoka bahari hiyohiyo? Sisi tuliulizwa na nani?"

Nilimwambia swali lake ndilo litakalofungua kikao kijacho, na kwamba safari hii tutakaa saa nne asubuhi, wakati wanawake wanapoweza kufika, palepale ufuoni samaki wanaposhushwa.