Mchezaji wa mara mojamoja: maana yake katika magemu makubwa ya mtandaoni

Mchezaji wa mara mojamoja ni mtu ambaye muda wake wa kucheza unapangwa na mambo yaliyo nje ya gemu: kazi, zamu, masomo, mtoto, umeme, bando. Si lazima awe mgeni wa gemu, wala si lazima awe mbovu. Wapo wanaokesha wiki nzima mbele ya kioo kisha wakapotea miezi mitatu, na bado ni wa kundi hili, kwa sababu hawakupotea kwa kupenda.

Kwa Arusha huhitaji kumtafuta mbali. Masika yakishika, Aprili na Mei, magari ya safari yanapaki, baadhi ya kambi zinafungwa, na dereva aliyezoea kulala porini anajikuta yuko nyumbani Sakina na laptop yake, hana haraka na mtu. Julai ikifika hayupo tena. Mpaka Septemba atakuwa Serengeti ya kaskazini na wageni wanaosubiri nyumbu wavuke Mto Mara, na mtandao wa kubahatisha. Moshi wako wapagazi wanaopanda Kilimanjaro siku sita au saba, wakashuka, wakapumzika, wakaitwa tena. Yuko na muuguzi wa zamu ambaye wiki hii yuko usiku, ijayo asubuhi. Ukiwahesabia saa kwa mwaka, baadhi yao wanacheza kuliko mwanafunzi asiye na shughuli. Saa hazitusaidii kumtambua mtu huyu. Kinachomtambulisha ni mapengo.

Wala tusimchanganye na aina ya ladha. Richard Bartle, mmoja wa waliotengeneza MUD, gemu la awali la maandishi matupu linalochezwa na watu wengi pamoja, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970, aliandika mwaka 1996 akiwagawa wachezaji makundi manne: wanaosaka mafanikio, wanaopenda kuzurura na kugundua, wanaokuja kwa ajili ya watu, na wanaokuja kuwasumbua watu. Mchezaji wa mara mojamoja anaweza kuwa yeyote kati ya hao. Dereva wetu anaweza kutamani joka kubwa kuliko wote, ila Alhamisi saa mbili usiku, wenzake wanapojipanga kulipiga, yeye anatafuta sehemu ya kuegesha gari Ndutu.

Mapengo haya yana uzito katika magemu ya mtandaoni ya kuigiza uhusika kuliko mengine. Kwenye kibanda cha gemu pale Ngarenaro unalipia mechi, unafungwa, unampisha mwingine, deni limekwisha. Huku mhusika wako anakaa kwenye seva mwaka hadi mwaka, pamoja na maelfu ya wengine, na dunia yao haizimwi wewe ukilala. Bei za sokoni zinapanda, rafiki zako wanakuacha leveli kumi, silaha uliyoisotea inapitwa. Kwa hiyo ukitaka kujua gemu fulani linamfaa mtu wa namna hii, usiulize kama ni jepesi. Uliza hivi: nikiondoka miezi mitatu, nikirudi nitakuta nini?

Zamani jibu lilikuwa chungu. EverQuest, lililotoka mwaka 1999, lilimtaka mtu awe na kundi ili afanye karibu kila jambo la maana. Ukifa unapoteza pointi za uzoefu, na vitu vyako vinabaki kwenye maiti, mpaka urudi uchi kuifuata. Hebu fikiria umeme ukatike ukiwa katikati ya pango. World of Warcraft la Blizzard likaja Novemba 2004 na kulegeza mengi: misheni za kufanya peke yako tangu leveli ya kwanza, kifo kisicho na adhabu kubwa, safari zinazokatizwa bila hasara. Kufikia 2010 lilikuwa na walipaji milioni 12 kwa mwezi, na siamini wote hao walikuwa wa kukesha.

Ndani yake kuna kitu kidogo ambacho bado nakiona ndicho kilichobuniwa kwa akili kuliko vyote kwa ajili ya watu wenye mapengo. Ukimwacha mhusika wako amelala gesti, anajikusanyia mapumziko: kila saa 8 zinampa asilimia 5 ya leveli, mpaka akiba ifike leveli moja na nusu. Ukirudi, kila adui unayemuua anakulipa pointi mara mbili hadi akiba iishe. Kwa hesabu hiyo, siku kumi mlimani zinajaza akiba yote. Utamu wa habari ni kwamba wakati gemu likijaribiwa, kabla halijatoka, mfumo huu ulikuwa adhabu: ukicheza sana unachoka, pointi zinapungua. Waliolijaribu walilalamika, Blizzard wakaupindua ukawa zawadi kwa aliyekuwa mbali. Malalamiko yakafa.

Ila mapumziko hayo yanafanya kazi ukiwa bado unapanda leveli. Ukifika kileleni, ngazi inaongezwa juu yako. Ilikuwa 60, Januari 2007 ikawa 70, mwishoni mwa 2008 ikawa 80, na kila toleo jipya huja na mavazi yanayoyafanya ya jana kuwa matambara. Blizzard wameweka njia za mkato za kumwezesha aliyechelewa kuwafikia wenzake, na tangu mwishoni mwa 2011 mtu anaweza kuingia mapambano makubwa kwa kupangwa na mfumo na watu asiowajua. Nafuu ni ya kweli. Lakini gemu bado linakwenda kwa mwendo wa msimu, na ada ya mwezi, dola 14.99, inahesabika uwe umeingia au hukuingia. Dereva akisahau kusitisha malipo kabla ya Julai, atalipia miezi mitatu ya kutazama twiga.

Guild Wars 2 la ArenaNet, lililotoka Agosti 2012, lilijengwa kwa kupinga mambo haya mawili waziwazi. Hakuna ada ya mwezi: unanunua mara moja, na tangu 2015 sehemu ya msingi inachezwa bure, ingawa akaunti ya bure ina vizuizi vyake. Leveli ya mwisho ilikuwa 80 siku ya kwanza, na ni 80 mpaka leo. Ngazi ya juu kabisa ya vifaa ilianza kuwekwa mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2012, na tangu hapo haijawekwa nyingine juu yake. Maana yake ni kwamba vazi ulilolipata ukiwa mwanafunzi pale Chuo cha Ushirika Moshi, ukilifungua leo ukiwa na watoto wawili, bado ni vazi la juu. Kuna mbinu mpya za kupigana zinazokuja na matoleo ya kulipia, na wanaozifuata wanakuzidi kidogo, lakini hakuna anayekuambia anza upya.

Namna watu wanavyokutana humo nayo inamfaa mtu asiye na chama, yaani kundi la kudumu la wachezaji. Unatembea, unaona kijiji kinavamiwa, unaingia. Hukumwomba mtu nafasi. Aliyeshiriki analipwa, na mti au jiwe la madini ulilolikimbilia halichukuliwi na aliyekutangulia, kwa sababu kila mmoja ana lake. Ukianguka, mpita njia yeyote anaweza kukuinua, na mara nyingi anakuinua. Ukirudi maeneo ya mwanzo na leveli yako 80, gemu linakushusha ulingane na eneo, kwa hiyo binamu yako aliyeanza jana mnaweza kwenda pamoja bila wewe kuua kila kitu kwa pigo moja. Elder Scrolls Online lilifanya jambo linalokaribiana na hilo Oktoba 2016, likaifungua ramani nzima kwa leveli yoyote, kama mwaka mmoja na nusu baada ya kuondoa ulazima wa ada ya mwezi. Wapenda hadithi watalifurahia.

Old School RuneScape ndilo linalowachanganya watu. Sifa yake ni ya gemu la wenye subira ya ajabu: kufikisha ujuzi mmoja leveli 99 kunadai pointi 13,034,431, na ukifika 92 ndiyo kwanza uko nusu ya safari. Nani mwenye kazi atathubutu? Lakini jibu swali letu la miezi mitatu. Ukirudi utakuta vilevile ulivyoacha. Jagex walilizindua mwaka 2013 kutokana na nakala ya gemu lao ya Agosti 2007, na mabadiliko makubwa hupigiwa kura na wachezaji wenyewe. Leveli haipungui, na mapambano unayoyakosa leo yatakuwepo kesho kutwa.

Tena linachezeka kwenye simu tangu Oktoba 2018, kwa akaunti ileile ya kompyuta, na sehemu yake ni bure. Mpandishe mtu Kosta ya kwenda Arusha pale stendi ya Moshi na simu ya kawaida mkononi. Ndani ya gemu anasimama kijiji cha Draynor, karibu na benki, anagusa mti mmoja. Mhusika anakata mwenyewe, gogo moja, la pili, mti ukianguka anagusa mwingine, mpaka nafasi 28 za mkoba zijae. Anagusa benki, anaweka, anarudi mtini. Kati ya mguso na mguso kuna muda wa kulipa nauli, kumjibu mama kwenye simu, kuuliza kama tumeshapita Boma Ng'ombe. Mtandao ukiyumba kabla ya Usa River, hapotezi kitu cha maana, magogo yako palepale.

Sababu moja ya kiufundi inalisaidia huku kwetu. Seva za magemu haya kwa mchezaji wa Tanzania mara nyingi ziko Ulaya, na ishara kwenda na kurudi inazidi milisekunde mia moja hata siku mtandao ukiwa mzuri. Old School RuneScape linahesabu kila tendo kwa mapigo ya sekunde 0.6, kwa hiyo ucheleweshaji huo unamezwa humo. Kwenye magemu ya kukwepa pigo kwa wakati wake, Guild Wars 2 likiwemo, utauhisi, hasa dhidi ya binadamu mwenzako.

Albion Online nalo lipo kwenye simu na ni bure, na vijana wanalipenda. Tahadhari tu: kwenye maeneo mekundu na meusi ukifa, ulichovaa kinakwenda kwa aliyekuua. Si gemu la kucheza huku mvua inanyesha na taa zinacheza.

Limebaki Final Fantasy XIV, ambalo kwa maneno ndilo linalomheshimu zaidi mtu wa mapengo. Lilitoka vibaya mwaka 2010, likafungwa, likatengenezwa upya na kurudi Agosti 2013 chini ya Naoki Yoshida, ambaye amewahi kuwaambia wachezaji hadharani kwamba si kosa kusitisha malipo, kacheze magemu mengine, rudi kukiwa na jipya. Kauli ya uungwana. Lakini gemu hilohilo linauza nyumba za wachezaji, na nyumba isiyoingiwa na mwenyewe kwa siku 45 inavunjwa na mfumo ili kiwanja kiende kwa mwingine. Viwanja ni vichache, najua, na haki yao wanaosubiri ipo. Hata hivyo dereva wetu akikaa porini Julai yote na Agosti yote, akirudi Sakina hana nyumba. Bora asijenge.

Asichokosa ni hadithi, ambayo ni ndefu na inapaswa kufuatwa kwa mpangilio wake ndipo milango mingine ifunguke. Wenye haraka wanaichukia. Kwa mtu aliyekaa nyumbani masika yote, ni kazi ya jioni inayotosha. Jaribio la bure halina kikomo cha siku, na tangu Oktoba 2023 linafika leveli 70 pamoja na matoleo mawili ya nyongeza. Vizuizi vyake ni vya kibiashara na vya kijamii: huwezi kutumia soko la wachezaji, huwezi kujiunga na chama, huwezi kuanzisha kundi ingawa unaweza kujiunga na la mwingine. Mtu anayecheza kwa mapengo, vizuizi hivyo havimuumi sana. Ajihadhari tu na kununua mapema kwa furaha ya wiki ya kwanza, kwa kuwa akaunti ikishapandishwa kuwa kamili hairudi kwenye jaribio, na kuanzia hapo kila mwezi wa porini una bei yake.